WAWILI KATIKA UPEPO WA KUSI

Masomo: Mhubiri 4:9–12, Marko 6:45–52, 1 Petro 3:7



Maneno haya niliyanena kanisani siku ile tulipoziombea nyumba zetu. Baadhi yenu mliniomba niyaandike, maana upepo ulikuwa ukipiga mabati na waliokaa nyuma hawakusikia vizuri. Nilisita. Yako mambo ambayo mtu aweza kuyasema mara moja mbele ya watu, lakini akiambiwa ayaweke kwenye karatasi huona haya. Nikamwuliza mama wa nyumbani kwangu, naye akajibu, "Andika. Huenda likamfaa mtu." Basi ninaandika kwa ruhusa yake.

Wengi wenu mwakumbuka kwamba mwezi wa Julai mwaka 2024 mimi na mama tulikuwa safarini siku tano, na ya kwamba tuliondoka kwa gari ambalo liliwachekesha watu. Lilikuwa pikapu ya mpwa wangu, auzaye nguo za mitumba minadani. Huko nyuma ametengeneza kitanda cha mbao, akafunika juu kwa turubai, maana siku ya kuamkia mnada hulala humo humo na kulinda mali yake. Sisi tuliweka godoro, ndoo ya maji, sufuria moja, birika na jiko la mkaa. Mzee mmoja wa kanisa alipotuona tukipakia alisema, "Mchungaji, mmefukuzwa nyumba ya mtaa, au ndiyo mnakwenda fungate?" Tulicheka sote. Lakini alikuwa amesema kweli bila kujua. Katika miaka 34 ya ndoa yetu hatukuwa tumesafiri hata mara moja sisi wawili tu, bila msiba, bila mkutano wa sinodi, bila mgonjwa wa kupeleka hospitali.

Watu waliuliza kwa nini tunakwenda Julai. Julai si mwezi wa matembezi kando ya ziwa letu. Kusi huvuma, vumbi hutembea, usiku baridi huingia mifupani. Wageni hufikiri kwamba nchi yetu ni ya joto wakati wote. Husahau kwamba maji ya ziwa yenyewe yako juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,134 hivi. Tena juma lile mwezi ulikuwa umetoka tu kupevuka, na ninyi mwajua kwamba dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, wavuvi hupumzika. Kwa hiyo mialo yote tuliyoipita ilikuwa kimya. Mitumbwi ilikuwa imevutwa juu, nyavu zimekunjwa, vibanda vya mama ntilie vimefungwa, na mbwa wamejikunja nyuma ya majahazi wakiukwepa upepo.

Sababu ya kwenda Julai ilikuwa hii: kasisi hana likizo ya Krismasi wala ya Pasaka. Lakini iko na sababu nyingine, nami nitaieleza mbele.

Njia tuliyopita

Tulitoka hapa Magu asubuhi, tukashika barabara ya Musoma, ziwa likiwa mkono wa kushoto. Tulipita Nassa, ambayo siku hizi imo katika Wilaya ya Busega, wilaya iliyokatwa kutoka Magu mwaka 2012. Hapo tulisimama. Vijana wengi hawajui kwamba kituo cha Nassa kilikuwa cha wamisionari wetu wa CMS, na ya kuwa mwaka 1909 kilikabidhiwa mikononi mwa ndugu wa Africa Inland Mission. Waliokipokea walikuwa mume na mke, Emil Sywulka na mkewe. Kutokana na mwanzo huo likakua kanisa ambalo leo twaliita AIC, lenye watu wengi katika Usukuma kuliko sisi. Tulikaa kidogo tukiutazama upepo ukiinamisha nyasi, na mama akasema, "Watu wawili walifika hapa, hawakujua hata neno moja la Kisukuma." Sikujibu. Nilikuwa nikifikiria tairi la nyuma.

Ninawaambia neno hili dogo kwa sababu ndivyo nilivyokuwa. Mama alikuwa akisema nami, nami nilikuwa nikifikiria tairi.

Usiku wa kwanza tulilala karibu na Lamadi. Siku ya pili tukapita mahali pale ambapo hifadhi ya Serengeti inakaribia kuligusa ziwa, tukafika Bunda, tukashika njia ya Kisorya. Nia yetu ilikuwa kuvuka kwa kivuko hadi Rugezi, upande wa Ukerewe. Tulipofika tuliambiwa tungoje, maana mawimbi yalikuwa makubwa na nahodha hakutaka kuthubutu. Hakuna aliyenung'unika. Watu wa visiwani hawajaisahau MV Nyerere, iliyopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, wakafa watu zaidi ya 220. Ukiambiwa ungoje, shukuru na ungoje.

Basi tukalala pale Kisorya, ndani ya pikapu, kando ya maji.

Usiku wa Kisorya

Ndugu zangu, nimelala katika upepo mara nyingi, lakini sikumbuki upepo kama ule. Turubai lilipiga kama ngoma. Gari lote lilitikisika. Maji ya ndoo yalimwagika. Nilipotafuta koti langu zito, nikakumbuka kwamba nilikuwa nimeliacha likining'inia nyuma ya mlango hapa Magu. Mtume Paulo alipokuwa gerezani alimwandikia Timotheo amletee joho aliloliacha Troa kwa Karpo, tena ajitahidi kufika kabla ya majira ya baridi. Nimeyasoma maneno hayo kanisani miaka mingi nikiyaona kama habari ndogo tu za safari. Usiku ule nikayaelewa. Hata mtume wa Bwana huona baridi, na anayeona baridi hutamani mtu aje.

Tulikuwa na blanketi moja tu. Tukajifunika wote wawili. Hapo ndipo mama aliponiuliza, kwa sauti ya chini, nami nilimsikia kwa sababu kichwa chake kilikuwa karibu na sikio langu:

"Baba, kesho tukifika pale, utavaa kanzu?"

Hapa imenipasa kuwaeleza ile sababu ya pili. Zamani tulitumika Ukerewe, katika kijiji kando ya ziwa. Mwezi wa Julai mwaka 2003 tulimzika huko binti yetu wa tatu. Alikuwa na umri wa miaka sita. Ilikuwa malaria. Mimi nilikuwa mbali mkutanoni, na habari iliponifikia nikarudi, nikamkuta amekwisha lala. Kasisi mwingine hakuwapo karibu. Nikavaa kanzu na stola, nikafungua Kitabu cha Sala, nikamzika mwanangu mwenyewe kwa sauti isiyotetemeka. Watu walistaajabu. Walisema, "Mchungaji ana imani." Mwaka uliofuata tukahamishwa, na miaka 21 ikapita bila mimi na mama kukanyaga tena mahali pale. Yeye aliomba kwenda mara nyingi. Mimi nilikuwa na kazi.

Basi alipouliza habari za kanzu, nikamjibu kwamba nimeichukua, imo katika mfuko, ili tufanye sala fupi kaburini. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema maneno ambayo nitayachukua hadi kaburini mwangu mimi:

"Siku ile kila mtu pale alikuwa na mchungaji. Mimi sikuwa na mume."

Hakuyasema kwa hasira. Aliyasema kama mtu atajaye bei ya kitu alichokinunua zamani. Kisha akaendelea kunieleza mambo ambayo sikuwahi kuyajua: jinsi mtoto alivyoniulizia usiku ule wa mwisho, jinsi yeye alivyomdanganya kwamba nimefika tayari, niko nje nafunga baiskeli, jinsi ambavyo tangu siku ile, kila asikiapo baiskeli ikiegemezwa ukutani, moyo wake hushtuka. Miaka 21, ndugu zangu. Nami nilikuwa nikilala naye nyumba moja, nikila meza moja, nikiongoza sala za jioni mbele yake, wala sikujua.

Upepo na kilindi

Wataalamu wa samaki wana jambo moja ambalo wavuvi wengi wanalijua pia kwa namna yao. Ziwa letu ni pana sana, kilometa za mraba karibu 69,000, lakini si refu sana kwenda chini. Mahali penye kina kirefu kabisa ni kama mita 80 tu. Katika miezi ya joto maji ya juu hupata moto na kuwa mepesi, yakakaa juu ya maji ya chini kama kifuniko. Maji ya chini hubaki huko gizani, hayapati hewa. Mwezi baada ya mwezi hewa iliyokuwamo huisha, hata samaki hawawezi kuishi huko. Ukitazama juu waona ziwa zuri, linang'aa, mitumbwi inapita. Huwezi kujua kwamba chini maji yamekosa pumzi.

Kisha huja miezi ya Juni na Julai. Kusi huvuma. Maji ya juu hupoa, yakawa mazito. Kifuniko huvunjika, nayo mawimbi huyakoroga maji yote tangu juu hata chini. Hapo ndipo kilindi kinapopata hewa tena. Na chakula kilichozama matopeni hupanda juu. Kwa maneno mengine, majira yale tunayoyachukia, yanayotufungia ndani na kutunyima dagaa, ndiyo majira ambayo ziwa linapumua.

Nimelifikiri sana jambo hili. Ndoa yangu ilikuwa nzuri juu. Hatukugombana. Watu walituita mfano. Lakini chini palikuwa na maji yaliyokosa hewa tangu mwaka 2003, na kifuniko chake kilikuwa ni ile sauti yangu isiyotetemeka. Mungu hakutumia semina kukivunja. Alitumia upepo wa Kisorya, na blanketi moja.

Nisiwadanganye lakini. Wavuvi wanajua pia kwamba mara nyingine maji ya chini yanapopanda ghafula, samaki hufa na kutapakaa ufukoni. Kulifumbua jambo la kilindini kuna maumivu. Usiku ule sikulala. Nilitaka kujitetea. Nilikuwa na maneno mengi mazuri: kwamba nami niliumia, kwamba nilijikaza kwa ajili ya watu, kwamba kasisi hana budi. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililofaa. Neema ya Mungu ilinifumba kinywa, nikanyamaza nikamshika mkono.

Kaburi

Asubuhi upepo ulipungua, tukavuka. Nilipokanyaga Rugezi nilikumbuka kwamba Ukerewe imejua makaburi ya watu wa Injili tangu zamani. Shergold Smith na Thomas O'Neill wa CMS waliuawa katika kisiwa kile Desemba 1877, na miezi michache kabla ya hapo mwenzao, Daktari John Smith, alikuwa amefariki kwa ugonjwa ng'ambo ya huku, Kageye, mwambao wa Ghuba ya Speke. Pale pale Kageye mwaka 1875 alizikwa kijana Frederick Barker, aliyekuja na Stanley. Stanley alikuwa akilizunguka ziwa kwa mashua, na aliporudi alimkuta kijana wake amekwisha zikwa. Nilipokuwa mwanafunzi wa chuo cha Biblia nilizikariri tarehe hizi kwa ajili ya mtihani. Siku ile niliwaza habari za akina mama wa watu wale, waliokaa Uingereza, ambao hawakuwahi kufika walikolala watoto wao.

Tuliogopa hatutaliona kaburi la binti yetu. Tuliweka msalaba wa mti mwaka ule, na mti hauwezi kushindana na mchwa miaka 21. Lakini tulipofika tulikuta mawe yamepangwa vizuri, pamefagiliwa, na upande wa ziwani umepandwa minyaa kuzuia ng'ombe. Tukasimama tumeduwaa. Kisha akatoka bibi kizee katika nyumba ya jirani, amejifunga khanga mbili kwa sababu ya baridi, akatutazama sana. Akamtambua mama kwanza.

Bibi yule si wa kanisa letu. Ni Mkatoliki. Alituambia kwamba mtoto alikuwa akija kwake kila jioni kumsaidia kuchambua dagaa, na kwa ajili hiyo hakuweza kuliacha kaburi lake likae kama pori. Akatukaribisha, akawasha moto, akatupa uji wa moto. Mwakumbuka katika Matendo ya Mitume sura ya 28, jinsi wenyeji wa Malta walivyowawashia moto Paulo na wenzake waliotoka katika maji, kwa kuwa mvua ilikuwa ikinyesha na baridi ilikuwa kali. Luka hakusema kwamba watu wale walikuwa waamini. Alisema tu kwamba walikuwa wema kupita kawaida.

Tulipokwisha kunywa, bibi akaniuliza bila kuficha, kama wazee waulizavyo: "Baba, mbona mlikawia hivi?"

Sikuwa na jibu. Niliinuka nikaenda kaburini. Kanzu niliiacha garini. Nikapiga magoti juu ya mawe yale nikalia, kwa sauti, kama alivyopaswa kulia baba mwaka 2003. Mama akaja akapiga magoti kando yangu. Sikuweza kuomba, kila neno nililolijua lilikuwa limekimbia. Akaomba yeye. Sala yake sitaiandika. Nasema tu kwamba katika huduma yangu nimeongoza sala maelfu, na sidhani kama nimewahi kuitikia "Amina" kama niliyoitikia pale.

Mambo matatu ya kushika

Sasa, wapendwa, sikuwaandikia ili mnihurumie. Nimeandika kwa sababu nayajua mabaraza yenu, nimekunywa chai katika nyumba zenu, na ninadhani si mimi peke yangu.

La kwanza: upepo wa mbisho si dalili kwamba Mungu ametuacha. Katika somo la Marko, ni Yesu mwenyewe aliyewalazimisha wanafunzi wapande chomboni. Walikuwa katika njia aliyowaagiza, na bado upepo uliwapinga wakachoka kwa kupiga makasia. Naye aliwaona tangu mlimani, wala hakuja mara moja; alikuja karibu na alfajiri. Labda nyumba yako imo katika majira ya baridi. Pamba haikuleta kitu, mtoto amekwama shuleni, ugonjwa umekaa. Usiseme, "Tulikosea kuoana." Sema, "Bwana anatuona toka mlimani," na ushike kasia lako, wala usimwachie mwenzako yote mawili.

La pili: sala ya mume yaweza kuzuiliwa ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mtume Petro anawaonya waume waishi na wake zao kwa akili na kuwapa heshima, kwa kuwa ni warithi pamoja nao, ili maombi yao yasikutane na kizuizi. Sisi akina baba twalipenda neno la Paulo lisemalo habari za kichwa, nalo hili la Petro twalipita haraka. Nawauliza wanaume wa mtaa huu: ni lini mlipomwuliza mke swali, kisha mkangoja jibu? Sisemi swali la "chakula kiko wapi?" Wewe uendaye mwaloni ukakaa kambini mwezi mzima, unaporudi waulizia fedha, waulizia ng'ombe. Je, umeuliza usiku wake ulikuwaje? Na ninyi akina mama, msidhani kunyamaza siku zote ni uvumilivu. Mke wangu aliponiambia lile neno alinitendea kazi ya kinabii. Kama asingelisema, ningekufa nikijiona mwema.

La tatu: twendeni kabla ya majira kupita. Paulo alimwambia Timotheo afanye hima. Sisi twangoja mpaka mambo yawe mazuri: mpaka tuuze mpunga, mpaka watoto wamalize shule, mpaka wakati wa sikukuu. Nilingoja miaka 21 nipate wakati mzuri wa kwenda na mke wangu kaburini, na wakati mzuri haukuja. Ulikuja Julai, na vumbi lake. Kama yuko mtu wa kumwendea, nenda katika upepo. Huna gari? Hata sisi hatukuwa nalo. Yatosha ninyi wawili mtembee kwa miguu hadi kando ya ziwa jioni moja, mketi juu ya jiwe, na simu iachwe nyumbani.

Kwa walio peke yao

Mhubiri anauliza, mtu aliye peke yake atapataje moto? Najua swali hili linawachoma baadhi yenu. Wako wajane katika mtaa wetu, wako waliotelekezwa, wako ambao hawakuoa wala kuolewa. Mkisikia mahubiri ya ndoa mnainamisha vichwa na kungoja yaishe. Ninyi nawaambia hivi: tazameni, Mhubiri hakusema mume na mke. Alisema wawili. Na mwishoni ataja kamba ya nyuzi tatu. Kusanyiko la Bwana ni blanketi la yule asiye na wa kulala naye karibu. Bibi wa Ukerewe hana mume, watoto wake wako Mwanza; hata hivyo miaka 21 alikuwa wa pili kwa mtoto wetu mfu, na siku ile akawa wa tatu kwetu. Kama yeye aliweza kufagia kaburi la mtoto wa watu wa dhehebu lingine, je, sisi tutashindwa kumpelekea mjane wa jirani mkaa wa jiko katika usiku wa kusi?

Nimewaomba akina mama wa Umoja na wazee wa kanisa waandike majina ya wote walio peke yao katika kila jumuiya. Mwezi Julai ukirudi, nisisikie kwamba yuko mmoja wao aliyelala na baridi huku sisi tuna mablanketi mawili.

Tulirudi Magu siku ya tano. Pikapu ilinuka dagaa, maana bibi hakukubali tuondoke mikono mitupu. Yule mzee wa kanisa alitupokea akauliza, "Fungate ilikuwaje?" Mama akamjibu, "Ilikuwa baridi sana. Tutakwenda tena mwakani."

Tuombe.

Ee Bwana uliyetembea juu ya maji usiku wa upepo, zitazame nyumba zetu toka mlimani ulipo. Wanaopiga makasia kwa shida, wasogelee. Palipo na maji yaliyokosa hewa, vuma kwa Roho wako, wala usituache kwa sababu tunaogopa. Wafundishe waume kuuliza na kungoja, uwatie wake ujasiri wa kusema. Wafariji waliozika watoto wao na hawajalia. Wapatie walio peke yao moto na mtu wa kuuwasha. Na sisi sote utufikishe ng'ambo, tulipowatangulizia wapenzi wetu, kwa ajili ya Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.